Kiroboto na Rula ya Kioo

Niseme mapema ili mjue mnasoma maneno ya mtu wa aina gani. Nilimweka kiroboto wa kuku chini ya hadubini aliyokuwa akiitumia dada yangu, nikamkuza kwa vidole viwili mpaka uso wake ukajaa kwenye kioo cha simu, nikampiga picha, halafu nikasahau kuirudisha kamera ilivyokuwa. Ujinga wenyewe ndio huo. Hauna damu, hauna wizi, hakuna aliyekimbizwa na mbwa. Ukiusimulia kijiweni wanacheka. Mimi mwenyewe niliucheka karibu wiki tatu.

Dada anasoma chuo, mambo ya mifugo. Mwaka wa mwisho kila mmoja wao anafanya utafiti wake, anasimama nao mbele ya walimu na kuutetea, na asipoutetea havai joho. Wa kwake ulikuwa wa kuku wa kienyeji: kuku akilishwa mashudu ya alizeti, yale makapi yanayobaki mbegu zikishakamuliwa mafuta, utumbo wake unabadilika au ni kelele za wauza mashudu? Maana ndani ya utumbo wa kuku kuna vijidole vidogo sana, vimejipanga kama nyuzi za taulo, na kazi yake ni kufyonza chakula. Vikiwa virefu, kuku anafaidi anachokula. Dada alitaka kuvipima urefu. Nilimuuliza kwa nini asimpime kuku mzima kwa mizani tukamaliza. Akasema mizani inapima hata mavi. Dada ana mdomo kuliko mimi, ndiyo maana nilikuwa sikomi kumchokoza. Kumpata hata mara moja ilikuwa sherehe.

Kuku walikuwa wa mama. Sisi tunakaa kijijini Mungaa, na hapa kwetu ng'ombe ni wa watoto, wa mume na wa ukoo, lakini kuku ni wa mama peke yake. Alitoa kumi na wanane. Tisa wale pumba na wanachookota, kama kuku wengine wote wa dunia hii, na tisa waongezewe mashudu. Dada aliporudi chuo aliacha maagizo: kopo moja la nyanya, la yale madogo, kila asubuhi kwa kila kuku watatu, lisizidi wala lisipungue. Mama hajawahi kuingia maabara yoyote, lakini kwa wiki nane nilimwona kila asubuhi akichota mashudu na kusawazisha lile kopo kwa kidole, kisha anainama kulitazama kwa pembeni kama limelala sawa. Nilimwambia, "Mama, kuku hawezi kukushtaki."

"Dada yako atanishtaki," akasema, akaendelea kusawazisha.

Kati ya wale tisa wa mashudu alikuwemo kishingo, yule kuku wa shingo isiyo na manyoya, ambaye alikuwa amemtotolea mama vifaranga zaidi ya kuku yeyote hapo nyumbani. Siku ya kuchinja, mzee jirani alikuja na kisu chake, akachinja mmoja mmoja ili Waislamu na wasio Waislamu wote waweze kula. Dada alichukua utumbo tu, akaukata vipande na kuvitia kwenye vichupa vya dawa. Nyama ikabaki kwetu na kwa majirani. Nilikula firigisi nne siku ile, nikajiona chifu. Mama hakumgusa kishingo. Alisema hana njaa.

Huko chuoni vile vipande vilikatwa vyembamba kuliko karatasi, vikatiwa rangi ya waridi na zambarau, vikabandikwa kwenye vioo. Tatizo hadubini zao chache na foleni ndefu. Kwa hiyo likizo dada akarudi na boksi la vioo kumi na nane, akaenda kumwomba mwalimu wa baiolojia wa shule yangu, ambaye alimfundisha na yeye zamani, amfungulie maabara siku mbili.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibu sana." Kisha mwalimu akanitazama mimi. "Na huyu?"

"Ananisaidia, mwalimu."

"Huyu?" Alikuwa na sababu zake. "Sawa. Lakini hadubini yangu asiiguse. Ashike mikono yake mwenyewe."

Kazi yangu ilikuwa simu. Hadubini ya shule haina kamera, kwa hiyo ilibidi simu ya dada ifungwe juu ya pale pa kuchungulia. Nilitoa kandambili yangu ya kushoto, tukaikata pete, tukaitoboa tundu katikati, tukaifunga na simu kwa mipira. Ilikaa vizuri ajabu. Nilitembea na kandambili ya kulia peke yake mpaka soko la Jumamosi, na kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba ya kushoto iko kwenye utafiti.

Sasa hapa lazima niwaeleze rula, maana bila rula hamtaona kosa langu lilipoingilia. Dada alikuja na kipande cha kioo alichokiazima chuoni kwa sahihi, amekifunga kwenye leso kama mtoto mchanga. Ukikitazama kwa macho unaona uchafu kidogo katikati. Ukikiweka chini ya lenzi, ule uchafu unageuka rula: milimita moja imekatwa vipande mia. Kwa nini rula? Kwa sababu picha haijui ukubwa wa kitu. Picha inajua nukta tu. Ukiiambia kompyuta ipime kijidole cha utumbo, itakujibu ni nukta kadhaa, na nukta si kipimo cha mtu yeyote. Kwa hiyo unapiga picha ya rula kwa lenzi ile ile, simu ikiwa pale pale. Unaifungua kwenye programu, unachora mstari juu ya vipande kumi, unaiambia: huu ni maikromita mia moja. Hapo ndipo inajua. Kuanzia hapo kila mstari utakaochora inautafsiri yenyewe. Ila ukibadili lenzi au ukisogeza simu katikati ya kazi, umeshaidanganya, na yenyewe hailalamiki. Inakupa jibu zuri tu, tena lenye desimali.

"Asubuhi rula, jioni rula," dada alisema. "Zikilingana, picha za siku nzima ziko salama."

"Unaimeza kama dawa ya malaria."

"Na wewe ndiye mbu. Shika simu."

Siku ya kwanza tulipiga picha za kuku wa pumba wote tisa. Asubuhi rula, jioni rula, zikalingana. Nilikaa kwa adabu mpaka mwalimu akanishuku.

Siku ya pili, zamu ya wa mashudu, nilikuja na kiroboto. Nilimtoa alfajiri kichwani kwa jogoo, ni wale viroboto wanaong'ang'ania kuzunguka macho, nikamfinya kidogo atulie, nikamtia kwenye kifuniko cha kalamu. Yaani nilipanga. Sitaki msome hapa mkadhani ni bahati mbaya iliyonikuta njiani. Dada alipiga rula yake ya asubuhi, halafu mwalimu akamwita ofisini kusaini daftari la vifaa. Nikamlaza kiroboto kwenye kioo kitupu, nikamsukuma chini ya lenzi. Alionekana, lakini mdogo kidogo kwa mzaha niliokuwa nao kichwani. Nikaweka vidole viwili kwenye simu, nikavipanua. Akaja. Macho, miiba ya kichwani, mdomo wa kunyonyea, uso wa mtu mwenye roho mbaya kabisa. Nikampiga. Mpango ulikuwa siku dada akifungua picha zake chuoni mbele ya wenzake, akutane na huyo bwana katikati ya matumbo. Nikajitumia nakala kwenye simu ya mama, kwa kumbukumbu.

Nikasikia viatu. Nikamtoa kiroboto, nikakaa.

"Mbona unacheka?"

"Nacheka tu."

"Toka hapo." Akaweka kioo cha kwanza, akatazama simu. "Leo umeifunga vizuri hii kandambili yako. Picha imejaa. Jana kulikuwa na weusi pembeni."

Nikajivuna. Nakumbuka vizuri kwamba nilijivuna. Kumbe ule weusi ulikuwa ukingo wa duara la hadubini, na umetoka nje ya picha kwa sababu kamera ilikuwa bado imekuzwa kwa vidole vyangu. Akapiga kuku wote tisa hivyo hivyo. Jioni chaji ikaisha, simu ikazima, akaichaji kidogo kwa umeme wa ofisini kwa mwalimu bila kuifungua kutoka kwenye kandambili, kwa waya mrefu. Ilipowaka, kamera ikaanza upya, kawaida, kama vile hakuna kilichotokea. Akapiga rula ya jioni. Ikalingana na ya asubuhi, mstari kwa mstari. Rula mbili zilitoa ushahidi mmoja, na zote mbili hazikuwepo wakati tukio linatokea.

Tulipima nyumbani, kwenye benchi la barazani, yeye kwenye kompyuta na mimi na daftari. Kiroboto nilikuwa nimeshamfuta kwenye simu yake asije akamwona mapema; ningemtumia akishafika chuoni. Anabofya ncha ya kijidole, anavuta mpaka shina, anasoma, mimi naandika. Kuku wa pumba walikuwa wa kawaida. Alipoingia kwa wa mashudu, sauti yake ikaanza kubadilika. Alisoma cha kwanza, akarudia. Cha pili akarudia. Kufikia kuku wa tano alikuwa harudii tena, anasoma kama mtangazaji wa mpira. Vijidole vya wa mashudu vilikuwa virefu kuliko vya wenzao kwa zaidi ya nusu.

"Mama," akaita, "njoo uone."

Mama akaja na unga mikononi, akatazama ile picha ya waridi ambayo hakuielewa. Dada akamweleza. Mama akasema taratibu, "Basi kishingo hakufa bure."

Jioni ile ile nusu ya Mungaa ilishajua. Asubuhi kuku wote wa mama walikuwa wanakula mashudu, na wanawake wenzake wanamuuliza kipimo, na yeye anawaonyesha kopo na jinsi ya kulisawazisha.

Nilitambua siku mbili kabla dada hajarudi chuo. Nilikuwa namwonyesha jirani yangu wa dawati yule kiroboto kwenye simu ya mama.

"Hadubini ya shule inakuza hivi?" akauliza. "Mbona sisi tulimwona mbu mdogo tu?"

"Unaongeza na vidole, bwege wewe," nikamwambia, nikamwonyesha, nikapanua vidole hewani.

Vikabaki hapo hewani. Nikajaribu kukumbuka nilivirudisha saa ngapi, nikakosa. Nikafungua maelezo ya picha: ukuzaji, moja nukta sita. Nilirudi nyumbani nikasubiri dada aende kuoga, nikafungua kompyuta yake. Picha za humo zilihamishwa bila maelezo ya kamera, lakini macho yalitosha. Wa pumba, wote wana ule weusi pembeni. Wa mashudu, hata mmoja hana. Hata mjinga angeona, na mjinga mwenyewe nilikuwepo.

Ingekuwa dakika mbili. Boksi la vioo lilikuwa pale mezani, mwalimu yupo, hadubini ipo, kandambili ipo. Angenitukana, tungeenda kupiga upya kabla jua halijazama, na leo ningekuwa nawaandikia mambo mengine. Nilipomwona anatoka amejifunga kanga, anaimba, nikamwambia, "Dada, una sauti kama mashine ya alizeti." Hicho ndicho nilichosema.

Nilimbebea begi mpaka kwenye basi. Pale akanipa karatasi ya kwanza ya kazi yake, ile ya shukrani. Alimshukuru Mungu, mama, mwalimu, halafu: mdogo wangu, aliyejitolea kandambili yake. Nilisoma mara mbili. Akanipiga kofi la mgongo, "Usilie sasa, watu wanatuangalia." Nilikuwa silii. Nilikuwa natafuta maneno, na basi likawasha, na mimi nikapata sababu ya kuacha kuyatafuta.

Alirudi katikati ya muhula, bila kupiga simu. Alishuka na mizigo yake yote. Mama alimpokea, akamwekea maji, hakumuuliza kitu mpaka alipokula. Nilisikia nikiwa nyuma ya nyumba, nimeshika jembe ambalo sikuwa nalimia chochote.

Alikuwa anatetea vizuri, alisema. Walimu wanatikisa vichwa kukubali. Halafu mmoja wao akaomba picha ya kuku wa mashudu irudishwe, akasogea karibu na ukuta ilipomulikwa, akaonyesha mshipa mdogo wa damu ndani ya kijidole. "Pima hizi chembe nyekundu." Dada akapima. "Pima na za kuku wa pumba." Akapima. Za mashudu zilikuwa kubwa kwa kiasi kile kile. Mwalimu yule akauliza, "Mashudu yanakuza na damu?" Ukumbi ukacheka.

"Chembe ya damu ya kuku ni ile ile, mama," dada akasema. "Hainenepi. Ni kama rula iliyokuwamo mle mle ndani ya picha, na mimi sikuitazama. Wanasema nimezikuza makusudi ili nipate majibu. Wanasema nimepika. Nimeandikiwa barua, nisubiri kikao."

"Ulizikuza?"

"Sikuzikuza."

"Basi," mama akasema.

Nikakaa kimya siku kumi na moja zaidi. Najua idadi yake kwa sababu nilikuwa nazihesabu kila nikiamka, leo nitasema. Dada alikuwa anazipitia zile picha mchana kutwa, anachora ile mistari upya, anapata majibu yale yale, maana rula zilikuwa zinalingana. Aliniuliza mimi. "Siku ile ya pili uligusa simu?" Nikasema, "Mwalimu alisema nishike mikono yangu." Akacheka kidogo. Huo ndio mzaha mbaya kuliko wa kiroboto, na hakuna aliyeuona isipokuwa mimi.

Siku ya kumi na moja, baada ya chakula cha asubuhi, mama alisema atatoa kuku wengine. Kumi na wanane tena, kama wapo. Kama hawapo ataazima kwa wenzake. Utafiti urudiwe mbele ya macho ya hao walimu, waje wenyewe wakitaka. Akaingia bandani, akatoka amemshika mtoto wa kishingo, yule mmoja aliyebaki mwenye shingo tupu, aliyekuwa ameanza kulalia mayai kwa mara ya kwanza. Mayai yakabaki peke yake kwenye kiota, nikayaona.

"Mama, mwache huyo."

"Kwani wewe ndiye mwenye kuku?"

"Dada hakukosea. Ni mimi."

Nikasema yote, nimesimama mlangoni pa banda, kiroboto, vidole, weusi wa pembeni, basi, kila kitu. Dada alitoka ndani katikati ya maneno. Nilidhani atanirukia. Aliuliza swali moja tu: "Ulikuza kiasi gani?"

Mama akatoa simu kwenye mtandio. Kiroboto alikuwa bado yumo. Dada akafungua maelezo, akasoma moja nukta sita, akaenda kukaa kwenye kompyuta, akaanza kugawanya, kijidole kimoja kimoja. Tulimsubiri. Alipomaliza aliegemea ukuta. Vya mashudu na vya pumba vilikuwa sawa. Hakukuwa na tofauti yoyote.

"Kwa hiyo hayafanyi kitu," akasema, bila kututazama. "Yale mashudu."

Barua niliandika kwa mkono wangu, tukaituma na picha ya kiroboto, na hilo la kupika likafutwa. Lakini vioo vyote lazima vipigwe upya mbele ya msimamizi, na atatetea na kundi linalofuata. Wenzake walivaa majoho bila yeye. Aliziona picha zao kwenye simu, akawa anaandika hongera, mmoja mmoja, wote. Na yule mwalimu aliyeuliza kuhusu damu alimsifu kwa kuwa mkweli, jambo ambalo dada ananiambia kila akitaka kuniumiza.

Mama siku ile ya bandani alimrudisha kuku kwenye mayai yake, akafunga mlango. Mama akikasirika kweli huwa anahamia Kinyaturu, lugha ya kwao, na tunajua la kufanya, tunakimbia. Nilisubiri Kinyaturu. Hakikuja. Akapika ugali wa mtama na mlenda, akapakua, akanisogezea sahani yangu, imejaa kama siku zote. Nilikaa naitazama. Dada alikuwa anakula upande wa pili. Mama akanawa mikono, akakaa, akaomba simu, akamtazama yule kiroboto. Kisha akaiweka simu chini, na alichosema ni hiki, kwa Kiswahili, taratibu:

"Kiroboto nimemsamehe. Lakini siku zote zile nilikuwa nakupakulia, unakula, na unajua."